Shajara ya mradi: Villèle, bwana shamba aliyeishika hazina ya Ufaransa

Machi, mwanzoni

Naanza kuweka maendeleo ya mradi hapa ili wanaofuatilia wajue tumefika wapi na kwa nini mambo yamepangwa hivi. Mradi ni simulizi ya sauti kwa Kiswahili, vipande vifupi ambavyo mtu anaweza kusikiliza kwenye daladala au huku anamenya viazi, na mada ni maisha ya Joseph de Villèle. Huyu ni bwana shamba, yaani mwenye mashamba, wa kusini mwa Ufaransa, kazaliwa Toulouse tarehe 14 Aprili 1773, ukoo wa vyeo vya mashambani, si wale wakubwa wa ikulu, mtu wa mfalme tangu ujana mpaka anakufa, na siasa ikambeba akawa meya, akawa mbunge, akawa waziri wa fedha, halafu kuanzia Septemba 1822 mpaka Januari 1828 akawa ndiye kiongozi wa serikali ya Ufaransa. Zaidi ya miaka mitano mfululizo! Kwa Ufaransa ya wakati ule, ambapo serikali zilikuwa zinakuja na kuondoka, huyo alidumu.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza: sisi inatuhusu nini? Inatuhusu, tena sana. Kati ya Toulouse na Paris katika maisha ya huyu bwana kuna kisiwa, na hicho kisiwa kiko kwenye bahari yetu hii hii. Bourbon, ambayo leo tunaiita Réunion. Ndiko alikopata mali, ndiko alikooa, ndiko alikokaa kwenye baraza la siasa kwa mara ya kwanza, na watu waliolima ile mali wengine walitolewa pwani yetu. Simulizi nyingi za maisha yake zinakipitia kisiwa kwa sentensi mbili tatu halafu zinakimbilia Paris. Mimi naanzia kisiwani na sitatoka haraka, huo ndio uamuzi wa kwanza wa mradi na ndio utakaobeba vyote vingine.

Kazi iliyokwisha mpaka sasa: ratiba ya maisha yake mwaka kwa mwaka iko kwenye jedwali, na naendelea kusoma kumbukumbu alizoandika mwenyewe, ambazo familia ilizitoa kwa juzuu tano kati ya 1887 na 1890, zaidi ya miaka thelathini baada ya kufa kwake. Ni nzito ila zinasomeka, jamaa anaandika kama mtu anayetoa ripoti.

Machi, katikati

Skripti ya kipande cha kwanza imekamilika. Ni ujana wake na jeshi la majini. Anaingia Julai 1788, ana miaka kumi na mitano, na mwaka unaofuata mapinduzi yanaanza huko nyumbani, yaani karibu ujana wake wote anaupokea mtikisiko wa Ufaransa kupitia barua na fununu za bandarini. Anafika Saint-Domingue, ile koloni ya sukari iliyokuja kuwa Haiti. Naomba msikilizaji akishike hicho kituo maana kitarudi kwa kishindo baadaye. Kisha anapelekwa Bahari ya Hindi chini ya kamanda Saint-Félix.

Saint-Félix alikuwa mtu wa mfalme, na Jamhuri ilipoingia akaonekana adui, akawindwa. Villèle akasimama upande wa mkubwa wake, akaacha jeshi, akabaki Bourbon, na wakati wa ule utawala wa vitisho naye akakamatwa akawekwa ndani. Mwaka 1794 mambo yakalegea, akatoka. Hebu fikiria hali yake hapo: kijana wa miaka ishirini na moja, hana mshahara, hana meli ya kumrudisha, familia iko mbali miezi ya safari, mfalme wake ameshakatwa kichwa. Alichonacho ni elimu, jina la ukoo, na kichwa cha hesabu. Na kile kichwa cha hesabu ndicho kilichomwokoa.

Machi, mwishoni

Kipande cha pili, hiki nimekiandika polepole na sitakubali kikatwe.

Pale Bourbon kulikuwa na familia ya Panon Desbassayns, matajiri wa ardhi upande wa magharibi wa kisiwa, huko Saint-Gilles na Saint-Paul. Villèle akawa anasimamia mali zao, akanunua na yake, na mwaka 1799 akamuoa binti yao Mélanie. Ndugu yake Villèle naye akaoa kwenye nyumba hiyohiyo. Baba mkwe alifariki 1800 na mama mkwe, Ombline, ambaye historia inamjua kama Madame Desbassayns, akaishika mali yote mpaka alipokufa 1846 akiwa na zaidi ya miaka tisini. Mamia ya watumwa walikuwa mali yake. Nyumba yake ipo mpaka leo, ni makumbusho, na kijiji chenyewe kinaitwa Villèle kwa jina la familia hii.

Sasa wale watu waliokuwa shambani walitoka wapi? Wengi Madagaska, wengi Msumbiji, na wengine huku kwetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka. Elfu moja, kila mwaka, imeandikwa kwenye karatasi. Wanunuzi walikuwa ni visiwa vya Wafaransa, Île de France ambayo sasa ni Morisi, na Bourbon. Mimi nyumbani ni Kilwa, nimekulia kwenye stori za magofu na misikiti na wageni wanaokuja kupiga picha, na hilo la mkataba sikuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti kubwa darasani. Kwa hiyo kwenye kipande hiki nalisema kwa sauti kubwa, na nalisema kabla msikilizaji hajaambiwa kwamba Villèle alikuwa hodari, kabla hajaambiwa kwamba alikuwa mwaminifu wa pesa za serikali, maana yote hayo ni kweli na yatakuja, ila huu ndio msingi wa nyumba.

Halafu siasa. Tarehe 4 Februari 1794 bunge la mapinduzi huko Paris lilifuta utumwa kwenye makoloni yote. Visiwani kwetu huku sheria hiyo haikutekelezwa. Haikutekelezwa kabisa! Mwaka 1796 wajumbe wawili wa serikali, Baco na Burnel, walitua Île de France kuja kuisimamia na wenye mashamba wakawarudisha melini. Bourbon nayo ilikuwa na baraza lake la koloni lililoendesha kisiwa kwa mtindo huohuo wa kuiweka Paris mbali, na kwenye baraza hilo Villèle akaja kuingia na kujipatia sifa ya mtu mwenye kauli tulivu, anayewazuia wenzake wasiseme tunajitenga wala wasikimbilie kwa Waingereza, huku akihakikisha mkono wa Paris haugusi mashamba.

Ndiyo maana nasema shule yake ya siasa ilikuwa ile. Watu wanamuona kama mbunge aliyejifunza kazi Paris baada ya 1815, hapana, alifika Paris akiwa ameshajua namna ya kukaa na watu wenye hasira, kuwatuliza, kuhesabu kura, na kulinda mali isiguswe. Na mali ikiwemo binadamu.

Aprili, mwanzoni

Nimerekodi vipande viwili vya kwanza. Kaka anayenisaidia na sauti amesafisha ile kelele ya feni, nimeridhika. Nimempa shangazi asikilize kwanza kwa sababu ni msikilizaji mgumu na hapendi mtu aongee kwa haraka. Akanipigia jioni.

"Mwanangu, nimesikia. Ila mbona huyo mzungu unamweleza vizuri hivyo, mara mpole, mara ana akili?"

"Shikamoo shangazi. Kwa sababu alikuwa na akili kweli. Nataka mtu aone kwamba hayo mambo hayakufanywa na mwendawazimu."

"Marahaba. Basi na hao wa Kilwa uwaeleze. Wao hawakuwa na akili?"

Hilo limenikaa. Tatizo ni kwamba kumbukumbu zake zinawataja watu wa mashambani kama idadi, na siwezi kutunga majina wala maneno ambayo hayapo. Nilichofanya ni kuongeza sehemu inayoeleza kinachojulikana kwa uhakika: kwamba kahawa, karafuu na nafaka zilizolisha visiwa na meli zilitoka mikononi mwao, kwamba watu walitoroka wakaishi milimani katikati ya kisiwa na vilele na mabonde ya huko yanabeba majina yao mpaka sasa, kama Mafate, na kwamba Novemba 1811, miaka minne tu baada ya Villèle kuondoka, watumwa wa Saint-Leu waliinuka, wakapigwa na wengi wakahukumiwa kifo. Wenye akili walikuwepo, shangazi, na walikuwa na mipango yao.

Aprili, mwishoni

Kipande cha tatu ni cha kurudi nyumbani, kifupi. Mwaka 1807 anarudi Ufaransa na mali ya kutosha, anakaa kwenye shamba la ukoo huko Mourvilles, nje ya Toulouse, nchi ya ngano na mahindi iitwayo Lauragais. Napoleon ni mfalme wa wafalme wakati huo. Villèle hampendi lakini hafanyi fujo, anakuwa meya wa kijiji chake na mjumbe wa baraza la mkoa, analima, anapanga hesabu, anasubiri. Miaka saba hivi ya kusubiri. Sijaona haja ya kuivuta, nimeipa dakika chache tu.

1814 Napoleon anaanguka, Louis XVIII anarudi, na mfalme huyu anaahidi katiba. Hapo bwana shamba wetu anatoa kijitabu kupinga! Kwa hoja yake katiba ya namna ile imewapa watu wengi mno, nchi irudi kwenye desturi zake za zamani. Yaani anamtetea mfalme dhidi ya mfalme mwenyewe. Watu wa aina yake ndio walioitwa Ultra, wanaotaka ufalme kuliko anavyoutaka mfalme.

1815, baada ya vita vya Waterloo vilivyommaliza Napoleon, anafanywa meya wa Toulouse, na hapa kuna jambo ambalo nimelipa nafasi yake. Mitaani kulikuwa na magenge ya watu wa mfalme waliovaa alama za kijani, na tarehe 15 Agosti 1815 wakamvamia Jenerali Ramel, kamanda wa mji aliyewekwa na mfalme huyohuyo, wakamjeruhi vibaya akafa siku mbili baadaye. Meya wa mji alikuwa Villèle. Hakuwa na mkono wake kwenye kisu, ila mji ulikuwa wake na genge lilikuwa la upande wake, na mimi naona msikilizaji anastahili kulijua hilo kabla hatujapanda naye gari la farasi kwenda bungeni.

Mei

Bungeni sasa. Skripti hii imenipa raha kuandika, kwa sababu siasa yake ni ya kushangaza.

Uchaguzi wa Agosti 1815 ulileta bunge lililojaa watu wa mfalme kiasi kwamba Louis XVIII mwenyewe akaliita bunge ambalo usingelipata hata ukilitafuta. Villèle ni mbunge wa Haute-Garonne, mkoa wa Toulouse, umbo dogo, mwembamba, sauti inatoka puani na lafudhi ya kusini haijamtoka. Hana mbwembwe za hotuba. Lakini anasoma makabrasha. Wenzake wanapiga kelele kuhusu heshima na madhabahu, yeye anasimama na bajeti mkononi anauliza hii pesa imeenda wapi. Ndani ya muda mfupi hata wapinzani wanamsikiliza kuliko wenzake wote wa upande ule.

Na kuna hili ambalo watu hawalitegemei. Haki ya kupiga kura wakati huo ilikuwa kwa mwanaume anayelipa kodi ya moja kwa moja faranga 300 kwa mwaka, watu laki moja hivi nchi nzima. Kundi la Villèle, hao hao wapinga katiba, walitaka kiwango hicho kishuke mpaka faranga 50! Kwa nini? Kwa sababu waliamini mkulima wa kawaida atamfuata bwana wake na padri wake kwenye sanduku la kura, wakati yule mwenye duka na wakili wa mjini, wa kati kati, ndiye anayesumbua. Ni hesabu ya mtu wa shamba kabisa. Na kwa sababu walikuwa wengi bungeni wakaanza kudai mawaziri wa mfalme walisikilize bunge. Wapinga bunge wakawa walimu wa nguvu za bunge. Mfalme akachoka akalivunja tarehe 5 Septemba 1816.

Walikaa pembeni miaka michache. Kisha Februari 1820 mpwa wa mfalme, Duke wa Berry, akachomwa kisu mlangoni mwa jumba la opera, hofu ikatanda, mlango wa mrengo wa kulia, watu wa mfalme, ukafunguka. Desemba 1820 Villèle ndani ya serikali bila wizara, Desemba 1821 waziri wa fedha, 4 Septemba 1822 kiongozi wa serikali na cheo cha ukoo kimepanda, sasa anaitwa Comte, cheo cha mabwana wakubwa. Bwana shamba kafika.

Juni, mwanzoni

Nimekaa na kipande cha wizara ya fedha muda mrefu kuliko nilivyopanga na sijutii. Siku kumi tu baada ya kupewa uongozi, tarehe 14 Septemba 1822, inatoka amri ya kifalme kuhusu hesabu za umma. Waziri asitumie zaidi ya alichoidhinishiwa na bunge, matumizi yathibitishwe kwa karatasi, na, muhimu kuliko yote, anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayeshika pesa. Huo utaratibu wa kutenganisha watu wawili uko mpaka leo kwenye hesabu za serikali ya Ufaransa na nchi nyingi za Afrika zilizorithi mfumo wa Kifaransa. Mtu yeyote aliyefanya kazi ofisi ya uhasibu anajua thamani yake. Villèle aliiendesha hazina kama mwenye duka anayefunga daftari kila jioni kabla hajafunga mlango, na hakuna aliyemkuta ameiba.

Nasema hivyo kwa heshima kamili. Ila daftari linaandika kile tu ambacho mwenye daftari anakiona ni deni.

Juni, mwishoni

Hiki ndicho kipande kikuu cha mradi. Aprili 1825.

Tuanze na waliokimbia nchi. Wakati wa mapinduzi mabwana wengi walikimbia, ardhi zao zikataifishwa zikauzwa, zikanunuliwa na wakulima na watu wa mjini. 1814 katiba ikahakikisha walionunua wasinyang'anywe. Kwa hiyo kuna kidonda: mabwana wanalia ardhi zetu, wanunuzi wanaogopa siku moja watafukuzwa, na bei ya ardhi zile iko chini kwa sababu ya hofu. Villèle akaja na jibu la mhasibu. Ardhi inabaki ilipo, waliopoteza wanalipwa kwa hatifungani za serikali za asilimia 3, riba ya faranga milioni 30 kwa mwaka, mtaji wa karibu bilioni moja kwenye karatasi. Sheria ikapita mwishoni mwa Aprili 1825. Hata Lafayette, shujaa wa waliberali, alipata fungu lake, na Duke wa Orléans pia. Kiufundi ni kazi safi, hofu ya ardhi ikapungua.

Pesa zitatoka wapi? Mwaka mmoja kabla alijaribu kubadilisha hatifungani za asilimia 5 ziwe za 3 ili aokoe riba, Baraza la Juu likakataa Juni 1824. Chateaubriand, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje, hakufungua mdomo kumtetea, na tarehe 6 Juni akafukuzwa kazi, Jumapili ya Pentekoste, kwa barua. Akahamia magazetini na kalamu yake, na Villèle hakupata tena adui mwenye kalamu kali kama ile. 1825 akarudi na mpango laini zaidi wa hiari, ukapita, ila watu wa Paris waliokuwa wanaishi kwa riba zao wakaona wazi kwamba wanapunguziwa wao ili wajaziwe mabwana.

Sasa geuza ukurasa. Tarehe 17 Aprili 1825, siku kama kumi tu kabla ya sheria ile, Mfalme Charles X, aliyemfuata Louis XVIII, anasaini amri kuhusu Haiti. Watu wa Saint-Domingue walijikomboa kwa mikono yao, wakajitangazia uhuru 1804, na kwa miaka ishirini Ufaransa ikakataa kuutambua. Amri inasema uhuru unatambuliwa kwa masharti: faranga milioni 150 zilipwe kwa awamu tano kufidia waliokuwa wenye mashamba, na bidhaa za Ufaransa zitozwe nusu ya ushuru. Jina la Haiti halimo hata kwenye amri, wanaitwa wakazi wa sehemu ya Kifaransa ya Saint-Domingue. Karatasi ilipelekwa na Mackau, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, akiwa na meli za kivita, na Rais Boyer akakubali Julai. Kulipa awamu ya kwanza Haiti ikakopa milioni 30 kwa mabenki ya Paris, mkononi zikafika milioni 24. Mwaka 1838 kiasi kilichobaki kikapunguzwa kwa nusu, ila deni na mkopo wake viliendelea kuinyonya nchi kwa vizazi.

Soma hizo karatasi mbili pamoja. Zote ni fidia, zote ni za mwezi mmoja, zote zimetoka kwenye serikali ya mtu mmoja, na zote zinajibu swali moja: nani alipoteza mali wakati wa mapinduzi? Kwenye ile ya kwanza jibu ni bwana, analipwa na taifa zima. Kwenye ya pili jibu ni bwana tena, analipwa na aliyekuwa mtumwa wake. Na Villèle alikuwa ameiona Saint-Domingue kwa macho akiwa kijana, ameendesha shamba la watumwa Bourbon, mkewe katoka kwenye nyumba ile, mama mkwe yuko hai kule Saint-Gilles anahesabu watu wake. Siwezi kumuelewa waziri wa 1825 bila msimamizi wa shamba wa 1799, ni mtu yuleyule na daftari ni lilelile.

Hapa kwenye skripti nimeweka na pwani yetu. Mwaka huohuo 1822 alioshika uongozi, nahodha Moresby wa Uingereza alifunga na Seyyid Said mkataba wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Ufaransa nayo ilikuwa imeshapiga marufuku biashara hiyo, na Aprili 1827 serikali ya Villèle ikaongeza adhabu. Naliweka hilo wazi kwa haki yake. Lakini majahazi na merikebu za magendo ziliendelea kushusha watu Bourbon, kutoka Madagaska na kutoka pwani hii, kwa sababu sukari ilikuwa imeingia na mashamba yalikuwa na njaa ya mikono, na mmoja wa waanzilishi wakubwa wa sukari kisiwani alikuwa Charles Desbassayns, shemeji yake Villèle.

Julai

Kipande cha kuanguka. Nimekibana kwa sababu kina matukio mengi ya haraka na msikilizaji atachoka nikiyataja yote. Louis XVIII alikufa Septemba 1824 na ndugu yake Charles X akawa na haraka ya kurudisha zamani. Villèle hakuwa na haraka hiyo, hata vita ya Hispania ya 1823 aliingizwa bila kupenda kwa kuogopa gharama, ila alipenda kubaki kwenye kiti, kwa hiyo akawa anabeba sheria ambazo naamini asingezianzisha mwenyewe. Sheria ya kuua mtu anayenajisi vitu vitakatifu kanisani, 1825. Sheria ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume fungu kubwa la urithi, 1826, Baraza la Juu likaikata. Sheria ya kubana magazeti, 1827, ikabidi iondolewe na Paris ikawasha taa madirishani kushangilia.

Tarehe 29 Aprili 1827 mfalme akakagua Walinzi wa Taifa wa Paris, yaani kikosi cha raia wenye silaha, kwenye uwanja wa Champ de Mars. Wakaanza kupiga kelele mawaziri waondoke, na waliporudi mjini wakapita chini ya madirisha ya wizara ya fedha wakimtaja Villèle kwa jina. Usiku uleule kikosi kizima kikavunjwa. Ila bunduki hawakunyang'anywa! Miaka mitatu baadaye, Julai 1830, bunduki hizo zilikuwa mitaani dhidi ya Charles X. Mtu aliyehesabu kila faranga, bunduki hazikuhesabiwa.

Novemba 1827 akaitisha uchaguzi akidhani atawawahi wapinzani kabla hawajajipanga, na siku hizohizo akaongeza watu wapya 76 Baraza la Juu ili kura zitoshe. Waliberali na wale Ultra waliomchukia wakaungana, akashindwa, vizuizi vya mawe vikaonekana mtaa wa Saint-Denis, askari wakapiga risasi. Mwanzoni mwa Januari 1828 akaachia ngazi.

Agosti

Kipande cha mwisho ni cha mzee wa Toulouse. Mfalme alimpa kiti Baraza la Juu, na 1830 utawala mpya ukafuta viti vyote vilivyotolewa na Charles X, kwa hiyo hata hicho hakikubaki. Akarudi kwenye ardhi yake akaishi miaka mingi, akaona wafalme wakiondoka, Jamhuri ikija, na mpwa wa Napoleon akikalia kiti, na akafa Toulouse tarehe 13 Machi 1854.

Lakini sifungi na kifo chake. Nafunga na 20 Desemba 1848, siku ambayo Sarda Garriga, mjumbe wa serikali ya Ufaransa, alitangaza Bourbon, ambayo sasa ni Réunion, kwamba utumwa umekwisha, na watu zaidi ya elfu sitini wakawa huru. Villèle alikuwa hai, ana miaka sabini na tano. Aprili 1849 sheria ya Ufaransa ikapanga fidia, na waliofidiwa, kwa mara nyingine, ni wenye mashamba.

Kaka wa sauti aliniuliza, "Bro, kwani hiyo siyo stori nyingine kabisa?" Nikamwambia ni stori hiyohiyo, na akasikiliza kipande cha Haiti tena akakubali tuiache.

Kwa hiyo hali ya mradi kwa sasa: vipande vya Bourbon, bunge na wizara ya fedha viko tayari, cha 1825 nakirekodi upya kwa sababu nilikisoma kwa kasi na zile tarakimu zinahitaji mtu apumue kati yake, na cha mwisho kiko kwenye skripti. Mwalimu mmoja wa historia wa sekondari huku Lindi ameomba kile cha pili akitumie darasani pamoja na mkataba wa Morice wa 1776, nimemtumia na ramani niliyochora ya njia ya meli kutoka Kilwa mpaka Saint-Paul. Yeyote mwenye darasa au redio ya jamii anaweza kuomba, faili ni ndogo na ni bure. Kinachofuata ni kupata msomaji wa kike wa sauti kwa sehemu za Madame Desbassayns, halafu toleo la maandishi kwa ajili ya wale wasiosikia.